Fundi Najua na Televisheni Isiyo na Tyuna

Kitu kikianguka mvunguni hakitoki kwa kuitwa. Anayekitaka hana budi kupiga magoti, kuinamisha kichwa na kupitisha mkono penye vumbi, hata kama suruali yake imepigwa pasi asubuhi hiyo. Wahenga waliliona hilo wakasema kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame, wala hawakuwa wakizungumzia vitanda tu. Walimaanisha kuwa mtu akitaka jambo asiloliweza, hana budi kujishusha, amwendee anayeliweza na kuvumilia adha ya kuonekana hajui. Fundi mmoja wa saa aliijua methali hii vizuri sana na alikuwa akiwatolea wateja wake karibu kila siku. Kasoro yake ni kwamba hakuwahi kudhani inamhusu yeye.

Kibanda chake kilibanwa kati ya kinyozi na muuza vifungo, na kilikuwa chembamba hata mteja wa pili alilazimika kusubiri kizingitini. Ndani mlikuwa na meza moja, taa yenye shingo ndefu, bisibisi kumi na moja zilizopangwa kwa ukubwa, na saa za ukutani zipatazo ishirini ambazo zote zilionyesha dakika ile ile. Mikono yake ilikuwa na baraka, na hakuna aliyebisha. Saa iliyokata kauli iliingia kwake asubuhi na jioni ikatoka ikihesabu. Ila ulimi wake ulikuwa na neno moja lililomshinda kulizuia. Ukimwambia mvua itanyesha, atasema, "Najua." Ukimpa pole ya msiba ambao habari zake hazijamfikia, atasema, "Najua," kisha ndipo aanze kulia. Kwa hiyo mtaa mzima ulimwita Fundi Najua, ingawa mbele yake waliishia kwenye Fundi.

Siku moja alikuja mwanamke wa makamo na saa ya mkononi iliyojaa ukungu ndani ya kioo.

"Imefanyaje hii?" Fundi akauliza, akiwa ameibana lenzi yake jichoni.

"Niliingia nayo kwenye bwawa, Fundi. Najifunza kuogelea. Nyuma imeandikwa mita thelathini, na mimi pale bwawani siendi zaidi ya mita moja na nusu, tena kwa woga."

Fundi akaangua kicheko. Hakutosheka kucheka peke yake. Alimwita kinyozi, naye kinyozi akaja pamoja na mteja aliyekuwa amenyolewa nusu kichwa.

"Sikieni wenyewe! Kaona mita thelathini akadhani kapewa ruhusa ya kupiga mbizi!" Akamgeukia mwanamke. "Dada yangu, mita thelathini ni kipimo cha kiwandani. Maana yake unawe mikono na upite kwenye manyunyu, basi. Ungeuliza kabla ya kununua. Kuuliza hakulipiwi! Mtaka cha mvunguni sharti ainame."

Mwanamke alitabasamu kwa taabu, masikio yakimwaka moto kwa kutazamwa na wanaume watatu, mmoja wao akiwa na nywele upande mmoja. "Kweli, Fundi. Sikuuliza," akasema. Kesho yake aliichukua saa ikiwa kavu, akashukuru na kwenda zake, na Fundi akashika saa nyingine.

Nyumbani, Fundi aliishi na mke wake, binti yao na mama yake mzazi. Mama huyo alikuwa na ulimi mkali kama wembe na macho yaliyokuwa yakififia mwaka hadi mwaka. Daktari wa macho alimwambia bila kuficha kwamba nuru iliyobaki haitakaa sana. Bibi wa watu hakulia. Aliuliza tu, "Itanitosha kumwona mjukuu wangu akikimbia?" Daktari akajibu kwamba itategemea mjukuu atakimbia lini.

Mjukuu mwenyewe alikuwa na umri wa miaka kumi na minane, na aliitwa Tone. Jina hilo lilitoka kwa bibi yake. Tangu mtoto akiwa na miaka sita, kila alipomtuma chumvi dukani, bibi alichovya kidole kwenye kikombe cha maji, akadondosha tone moja kwenye kizingiti na kusema, "Nenda urudi kabla hili halijakauka." Mtoto alifyatuka kama jiwe la manati, na mara nyingi alirudi tone likiwa bado linang'aa. Mbio za chumvi zikawa mbio za shule, za shule zikawa mita mia nane, na sasa Tone alikuwa amechaguliwa kushindana katika mashindano makubwa, kwenye mji wa mbali, yatakayoonyeshwa moja kwa moja kwenye televisheni siku ya Jumamosi saa kumi jioni. Mama yake alisafiri naye. Bibi, ambaye magoti yake hayakuruhusu safari, alibaki. Miaka yote hiyo hakuwahi kumwona mjukuu wake akikimbia, ila mgongo tu ukipotea kwenye kona ya duka, na uso uliokwisha kufika. Huo ukimbiaji wenyewe aliutamani kama mgonjwa anavyotamani maji baridi.

Jumatano ya juma lile, televisheni yao ya zamani, yenye kisogo kama pipa, ilitoa mlio mmoja. Picha ikasinyaa ikawa mstari, mstari ukawa nukta, na nukta ikazimika.

"Imekwenda," mama akasema. "Tuizike leo au tusubiri ndugu zake?"

"Usiwe na wasiwasi, mama. Nitanunua mpya. Kubwa."

"Utamuuliza nani? Siku hizi mambo yamebadilika."

"Nimuulize nani tena? Mimi fundi, mama. Najua."

Ijumaa alasiri Fundi alifunga kibanda mapema, akavaa shati lake la mikono mirefu na kwenda kwenye duka la vyombo vya umeme. Ukuta mzima ulikuwa na televisheni, na zote zilikuwa zikionyesha samaki mmoja mwenye rangi akiogelea kwa wakati mmoja. Chini ya kila moja palikuwa na kadi iliyojaa tarakimu: inchi, hezi, niti, 4K, HDMI tatu, HDMI mbili. Fundi aliweka mikono nyuma, akapita mbele ya kadi hizo polepole kama mkaguzi wa shule. Alisoma kila neno na hakuelewa hata moja, ila inchi, nazo alidhani zinapimwa kwa upana.

"Karibu, Fundi. Nikusaidie?"

Alipogeuka alikutana uso kwa uso na mwanamke wa bwawani. Saa ilikuwa mkononi mwake, kioo kikiwa safi kabisa. Joto likampanda Fundi shingoni. Kati ya watu wote waliokuwa chini ya jua, angeweza kumwuliza yeyote isipokuwa huyu.

"Naangalia tu, dada. Ninachotaka nakijua."

Jicho lake likatua kwenye moja iliyosimama karibu na mlango. Ilikuwa kubwa kuliko zote, na ingawa jua liliipiga usoni, samaki wake aling'aa kuliko samaki wengine. Bei yake nayo ilikuwa imekatwa. "Hii," akasema, akiigonga kwa kidole.

"Hiyo?" Muuzaji alishangaa. "Hizo, Fundi, huwa wananunua mabenki na mazahanati, za kuweka kwenye ukumbi wa kusubiri. Hata jana zahanati moja imeulizia mbili..."

"Najua. Benki hawanunui takataka."

"Inawaka saa kumi na sita kwa siku, siku zote saba. Ndiyo maana hapa imeandikwa 16/7."

"Najua, nimeona," Fundi akasema, ingawa tangu alipoingia alikuwa amedhani hiyo ni hesabu ya upana kwa urefu.

"Lakini haina tyuna."

Fundi hakuwahi kulisikia neno tyuna maishani mwake. Moyoni alijiuliza kama ni kitu cha kutiwa ndani au cha kupakwa juu. Angeweza kuuliza; neno "tyuna ni nini" lina silabi chache sana. Lakini mbele yake alimwona kinyozi, akamwona na mteja mwenye nusu kichwa, wote wakisubiri zamu yao ya kucheka.

"Tyuna sihitaji," akasema, kama mtu anayekataa sukari kwenye chai.

"Tena haina..."

"Dada yangu, mimi ni fundi. Usinifundishe kazi. Nifungie."

Muuzaji alimtazama kidogo, akafunga mdomo, akaenda kutafuta kamba. Alipomkabidhi risiti alisema tu kwamba kesho duka lingefungwa saa nane mchana, endapo angepata shida.

"Shida ya nini?" Fundi akasema, akatoka na boksi lake akipepesuka kama siafu aliyebeba panzi.

Asubuhi ya Jumamosi alilifungua mbele ya mama yake kwa madaha yote. Mama aliketi kwenye kiti chake cha mbao, hatua mbili kutoka mezani, kikombe cha maji pembeni. Skrini ilipowashwa sebule nzima ilifurika mwanga mweupe, na mama akainua kanga yake kujikinga macho.

"Mwanangu, umenunua televisheni au umenunua adhuhuri?"

"Subiri, mama. Bado waya wa antena."

Fundi akachukua waya wa antena, akaenda nyuma ya skrini. Akatafuta tundu lake juu, hakuliona. Akatafuta kulia, akatafuta kushoto. Alileta hata lenzi ya saa, akaibana jichoni, akapekua mgongo wa kile chombo kama anayetafuta kiroboto, naye ndiye mtu aliyeweza kuokota parafujo ndogo kama chembe ya sukari. Tundu la antena halikuwapo. Alibonyeza vitufe vyote vya rimoti, na kila alipobonyeza yakatokea maneno yale yale, bila mlio wala mkwaruzo. Hapo ndipo alipong'amua jambo la pili: chombo hicho hakikuwa na spika hata moja.

"Imeandikaje?" mama akauliza.

"Hakuna mawimbi."

"Iambie hatukuomba bahari. Tunamtaka Tone."

Fundi akaketi sakafuni. Ilikuwa saa nne na nusu. Jasho lilimtoka kama aliyekuwa akipasua kuni.

"Nenda kaulize," mama akasema.

"Mama, huelewi. Aliyeniuzia ni yule dada niliyemcheka kuhusu saa. Nimemcheka mbele za watu. Halafu nikamwambia asinifundishe kazi. Sasa nirudi nimwambie nini?"

"Umwambie hujui."

Mama akapapasa hewani mpaka akampata bega.

"Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukiuliza mpaka naziba masikio. Mwezi unalala wapi, mama? Kuku anajuaje jina lake? Siku uliyopata kile kibanda ukaacha kuuliza, na mimi nikadhani umemaliza kujua. Kumbe uliona haya tu." Akavuta pumzi. "Macho yangu yamebaki machache, baba. Siwezi kuyamalizia kwenye kioo cheupe. Leo saa kumi nataka kumwona mtoto akikimbia, kabla sijabaki na sauti yake peke yake."

Maneno hayo yalimchoma Fundi kuliko kicheko chochote. Aliona aibu, tena aibu ya kweli, si ile ya mtaani. Alinyanyuka, akarudisha skrini kwenye boksi, akakodi gari, na saa sita akawa mlangoni pa duka akihema.

Mwanamke wa bwawani alikuwa akifuta kaunta. Kabla hajasema neno, mwenye duka mwenyewe alitokea chumba cha nyuma, mzee mwenye kalamu sikioni.

"Boksi limefunguliwa," mwenye duka akasema. "Bwana, kanuni ile pale ukutani. Chombo kilichofunguliwa hakirudi, isipokuwa kama muuzaji hakumweleza mteja anachonunua. Hapo kosa ni letu, tunabadilisha mara moja, na muuzaji tunamkata mshahara." Akamtazama mwanamke, kisha Fundi. "Haya. Alikueleza, au hakukueleza?"

Mwanamke aliacha kufuta. Kitambaa kilibaki mkononi mwake.

Fundi aliona jinsi mlango ulivyokuwa wazi. Neno moja tu, hakunieleza, na saa saba angekuwa nyumbani na televisheni, heshima yake ikiwa haina hata mkunjo. Nani angebisha? Akatazama saa ya ukutani, nayo ilikuwa imechelewa dakika tatu. Akamfikiria mama yake na kiti chake. Kisha akautazama mkono uliokuwa umeshika kitambaa, akaiona ile saa aliyoikausha yeye mwenyewe.

"Alinieleza," akasema. "Alianza kunieleza vizuri kabisa, mzee, mimi nikamkatiza. Mara tatu. Kosa ni langu peke yangu. Alisema haina tyuna, nikasema siihitaji. Mpaka sasa hivi ninavyosimama hapa sijui tyuna ni nini."

Mwenye duka akaitoa kalamu sikioni, akamkodolea macho. "Mwaka wa ishirini huu nauza vyombo," akasema polepole, "na wewe ndiye mteja wa kwanza kunijibu hivyo." Kisha akaanza kutikisika, na kicheko kikamtoka tumboni. "Lakini kanuni ni kanuni, bwana."

"Bosi," mwanamke akaingilia, "si zahanati wanataka mbili? Sisi tunayo moja tu. Hii ya Fundi haina hata mkwaruzo. Ikirudi, oda ya zahanati imetimia."

Mwenye duka akafikiri, akairudisha kalamu sikioni. "Basi itoke kwake iende zahanati. Mbadilishie. Na safari hii umweleze mpaka mwisho, hata akikukimbia."

Walipobaki wawili, Fundi alisimama akiwa ameinamisha kichwa, akiungoja mkuki wa kejeli yake. Haukuja.

"Haya, Fundi," mwanamke akasema. "Nani atakayetazama?"

Fundi alishangaa. Hakutegemea kuulizwa swali hilo. Alimweleza habari za mama yake na macho yake, habari za Tone na mbio zake, na hatua mbili kutoka kiti hadi meza. Mwanamke alisikiliza akiitikia kwa kichwa.

"Basi ile ingemuumiza shingo, tena mwanga wake ni wa kushindana na jua la mlangoni. Njoo huku."

Televisheni aliyomwonyesha ilikuwa kwenye rafu ya chini kabisa, karibu na sakafu, ya kiasi tu. Ili kuisoma kadi yake, Fundi alilazimika kupiga magoti juu ya vigae, na shati lake la mikono mirefu likafagia vumbi. Akapiga magoti.

"Nianze na ile iliyonikosesha usingizi," akasema. "Tyuna ni nini, dada?"

"Ni kile kidude cha ndani kinachoshika matangazo yanayokuja kwa antena na kuyafanya kuwa picha na sauti. Kisipokuwapo, unacho kioo chenye taa. Hii inacho, na tundu la antena lile pale nyuma, chini."

Fundi akainama zaidi, shavu likakaribia sakafu, akaliona. Alifurahi kama aliyeokota pete. "Na hezi?"

"Hezi ni picha inabadilishwa mara ngapi kwa sekunde. Hii ni sitini. Kwa mtu anayekimbia inatosha, hutaona miguu ikiacha mkia."

"Ngoja," Fundi akasema, akaketi wima. "Kumbe ni mapigo! Saa nzuri ya mkononi, gurudumu lake hupiga mara nane kwa sekunde. Miaka yote hii nahesabu mapigo, na nilikuwa naogopa neno lake!"

"Hilo la mara nane mimi silijui. Umenifundisha."

Kuanzia hapo maswali yalimtoka Fundi kama maji ya bomba lililozibuliwa. Aliambiwa kuwa inchi hupimwa kutoka kona hadi kona na si kwa upana, na kwamba 4K ni wingi wa nukta zinazoijenga picha. Akauliza kwa nini hii haina. Mwanamke akamweleza kuwa matangazo yanayokuja kwa antena hayaji na nukta zote hizo, kwa hiyo asilipie chakula ambacho hatakila. Mama yake angefaidika zaidi na giza lililo giza kweli na nuru iliyo nuru. Alimwonyesha pale panapoongezwa tofauti hiyo, akamwonyesha na kitufe kimoja chenye kinundu, ambacho bibi angeweza kukipapasa bila kukiona. Mtu mmoja alipita akiwa na birika jipya mkononi, akamtazama Fundi pale sakafuni. Fundi alimpa salamu, akaendelea kuuliza HDMI ni tundu la nini.

Saa saba na nusu boksi dogo lilikuwa limefungwa kamba. Mlangoni Fundi aligeuka.

"Dada, siku ile kibandani nilikukosea. Ulikuja kutengenezewa saa, nikakufanya kichekesho. Nisamehe."

"Nilishasamehe siku ileile," mwanamke akasema. Kisha midomo ikamcheza. "Ila jana, uliposema tyuna huihitaji... Fundi, ilibidi niende nyuma kutafuta kamba isiyokuwepo. Nilikuwa nakufa kwa kicheko."

Wakacheka wote wawili mpaka mwenye duka akachungulia.

"Lete hiyo saa Jumatatu," Fundi akasema. "Nitaifungia mpira wa kweli wa kuzuia maji. Ikigoma, nitakwambia ukweli kwamba imegoma."

Ilipofika saa tisa televisheni ilikuwa mezani, waya wa antena umekaa mahali pake, na sauti ya mtangazaji ikijaza sebule. Fundi aliongeza tofauti ya giza na nuru kama alivyoelekezwa. Saa kumi ilipogonga, mama alisogea mbele kidogo, akakunja uso, kisha uso ukakunjuka.

"Wapo wanane," akasema. "Huyo wa tatu ndiye wetu."

"Umemjuaje, mama?"

"Soksi yake ya kushoto imeshuka. Toka mtoto hajui kuvuta soksi."

Fundi alitazama, na kweli soksi ya kushoto ilikuwa imeshuka. Machozi yakamlenga, akajifanya anakagua waya.

Wakimbiaji walipoinama kwenye mstari, mama alichovya kidole kwenye kikombe, akadondosha tone moja juu ya mkono wa kiti chake cha mbao. Bunduki ikalia. Kwa dakika mbili na kidogo hakuna aliyepumua sawasawa katika nyumba ile. Tone alikuwa wa sita, akawa wa tano, akakaa hapo mzunguko mzima, na Fundi akaanza kupiga mto kwa ngumi. Kwenye kona ya mwisho msichana alirefusha hatua, akampita mmoja, akampita wa pili, na mama akawa amesimama kwa magoti yale yale yaliyokataa safari, akipaza sauti, "Kimbia, mama, linakauka! Linakauka!" Tone akampita wa tatu na kumaliza wa pili, nyuma ya mshindi kwa urefu wa mkono.

"Wa pili, mama," Fundi akasema, akijifuta uso. "Kidogo tu angeshinda."

Mama hakumsikia. Alikuwa amerudi kitini, akipapasa mkono wa kiti kwa kidole, taratibu. Kisha akakiinua kidole hicho usoni pa mwanawe. Kilikuwa kimelowa.

"Amewahi," akasema, na machozi yakamtiririka. "Nimemwona akija, baba. Nimemwona njia nzima."

Walikaa hivyo kitambo, wakimtazama Tone akiivuta soksi yake mbele ya watu wote. Hatimaye mama aliichukua rimoti, akaipapasa, akakipata kitufe chenye kinundu, akakipata na kingine pembeni yake.

"Na hiki cha hapa ni cha nini?"

Fundi alifungua mdomo, na neno lake la miaka yote likamfika kwenye ncha ya ulimi. Akalimeza.

"Sijui, mama," akasema, akacheka jinsi neno hilo lilivyokuwa jepesi. "Jumatatu yule dada anakuja na saa yake. Nitamuuliza."

Tangu siku hiyo hakuna aliyemcheka mteja katika kibanda kile, na mwenye kuuliza alivutiwa stuli, kwa maana Fundi alikuwa amejifunza kwa magoti yake mwenyewe, juu ya vigae vya duka la watu, kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame.